Chunjua Isiyo ya Refa

"Funga jalada," alisema mkuu wa kituo, huku akisogeza makaratasi pembeni kutafuta mahali pa kuweka kikombe chake cha chai. "Kinyama kimepimwa. Si kansa, ni chunjua. Na mtu hafi kwa chunjua."

"Lakini huyu amekufa, mkuu."

"Amekufa kwa kansa iliyoanzia kwingine. Kesi hiyo si yetu, ni ya Mungu."

Inspekta hakuketi. Kituoni walimwita Kisiki, na alikuwa ameshazoea kuitika. Jina hilo alilipata aliposimama nje ya lango la tajiri mmoja mpaka tajiri akachoka kujificha ndani, akatoka mwenyewe akiwa amenyoosha mikono.

Mlalamikaji wa kesi hii alikuwa mjane. Mumewe alikuwa refa wa mpira wa miguu, mtu wa mikono mirefu ya shati na kofia pana iliyofungwa kwa kamba kidevuni, ambaye hakuna mchezaji wala shabiki aliyewahi kumfanya abadilishe uamuzi. Kilimtoka kidonda kwenye sikio la kushoto. Akaenda kwenye kliniki ya daktari mmoja aliyeitwa na kila mtu Profesa, maarufu kwa dawa yake ya kupaka. Profesa akamkata kinyama kidogo sikioni, akakipima, akamwambia kuwa ni chunjua inayoletwa na virusi na kwamba dawa ingeimaliza. Refa akapaka. Akaendelea kupaka hata sikio lilipoanza kuliwa. Shingo ilipovimba, wakamkimbiza hospitali kuu, wakamtoa tezi, na majibu yakawa kansa ya ngozi iliyokwisha kusambaa. Hakutoka tena hospitalini akiwa hai.

Mjane alidai kwamba Profesa aliijua kansa ile tangu mwanzo, akaificha ili dawa yake isiaibike. Polisi walipoomba kile kinyama cha sikio, Profesa hakubisha. Aliomba apewe muda wa kukitafuta stoo, kisha akakileta kwa mkono wake: kipande cha nta chenye kinyama ndani, na jina la Refa juu yake. Hospitali kuu ikakipima. Chunjua.

"Unajua ni wangapi wamenipigia simu kumtetea yule mtu?" mkuu aliuliza.

"Sijui, wala sitaki kujua."

"Kisiki, utaniponza."

"Ukitaka jalada lifungwe, lifunge wewe, mkuu. Saini iwe yako. Mimi siweki yangu."

Mkuu alitazama kalamu iliyokuwa mbele yake, kisha akatazama dirishani. Hakuishika.

Nje, kwenye benchi la mapokezi, mjane wa Refa alikuwa ameketi kama alivyoketi tangu wiki ile ianze, mgongo wima, pochi mapajani.

"Wamekutuma uniambie niende nyumbani?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Vizuri. Maana siendi."

*

Daktari wa maabara wa hospitali kuu alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyomzidi uso. Alimwona Kisiki mlangoni akacheka.

"Leo umeniletea mtu mzima au kipande chake?"

"Vipande unavyo tayari, daktari. Nimekuja uvitazame tena."

"Nimeshavitazama. Majibu nimetuma."

"Nieleze kwa mdomo. Karatasi zako nazisoma kama mganga anavyosoma mifupa."

Mzee akavuta kiti, akaweka karibu na hadubini vioo viwili vilivyobandikwa vipande vyembamba vya nyama. Kimoja kilitoka kwenye tezi ya shingo ya Refa, kingine kwenye kile kipande cha Profesa. Vyote vilimfikia vikiwa na namba tu, kama ilivyokuwa desturi ya maabara yake, ili asipime kwa hisia.

"Tunatafuta alama," alisema. "Kuna protini moja ambayo kazi yake ni ulinzi. Seli ikiharibika, inaizuia isizaliane. Jua likiunguza ngozi miaka na miaka, protini hiyo inavurugika, inajazana ndani ya seli bila kufanya kazi yoyote. Mlinzi yupo, ila amelala. Tukitia dawa yetu ya rangi, anageuka kahawia. Tazama tezi."

Kisiki akainamia hadubini. Kila mahali palikuwa pamejaa kahawia.

"Sasa tazama cha Profesa."

Huku kulikuwa na vidoa vichache, vya hapa na pale.

"Mlinzi wa huku yuko macho," mzee aliendelea. "Halafu nikapima virusi. Kipande cha Profesa kina virusi vya chunjua, vimejaa tele. Tezi haina hata kimoja."

"Basi ni vitu viwili tofauti. Hakimu gani hataliona hilo?"

"Ataliona. Na wakili wa Profesa atasema ndiyo, ni viwili: sikioni chunjua, na kansa mahali pengine ambapo mteja wake hakuonyeshwa. Na mimi nikiulizwa kizimbani kama hilo linawezekana, nitasema linawezekana. Tena ataongeza kuwa virusi vya aina hii na kansa za ngozi mara nyingine hukutwa pamoja, na wataalamu bado wanabishana nani anamsaidia nani. Ni kweli, tunabishana. Profesa amejificha katikati ya ubishi wetu, na pana kivuli kizuri."

Kisiki aliinuka, akanyoosha kiuno. "Kivuli ndicho alichokitafuta Refa maisha yake yote asikipate. Mchana kutwa uwanjani, na ile ngozi yake. Mkewe anasema alikuwa akiambiwa na kila mtu aache, mwenye ualbino hawezi kuwa refa, naye ndiyo kwanza anafunga kamba ya kofia."

Mzee alikuwa akifuta miwani. Mkono ukasimama.

"Mwenye nini?"

"Ualbino. Hukujua?"

"Nimekwambia napata namba tu." Akavaa miwani haraka, akarudisha kioo cha Profesa chini ya hadubini, akaongeza mwanga. Akasogeza kioo taratibu kwa ncha za vidole. Kisha akatoa tusi dogo, la adabu, la watu wa rika lake.

"Njoo. Ule mstari wa chini kabisa wa ngozi, unaona chembechembe nyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa?"

"Naziona. Chache."

"Chache, lakini zipo. Hiyo ni rangi ya ngozi. Ngozi ya Refa ilitakiwa isiwe nayo, au iwe na kidogo sana kuliko hivi. Sasa angalia juu, lile gamba nene. Tafuta shina la unywele."

Kisiki akatafuta. "Sioni."

"Hutaliona. Sikio lina vinyweleo, hata vidogo namna gani. Na gamba nene hivi halioti sikioni. Hata aina ya virusi vyenyewe ni ile inayopenda kukaa miguuni. Inspekta, ngozi hii imekanyaga chini. Huu ni unyayo."

Kisiki alizunguka meza mara moja, akarudi palepale.

"Unyayo ndio mahali penye rangi kidogo kuliko pote kwenye mwili wa mtu mweusi," alisema polepole. "Alihitaji chunjua ya kuleta polisi. Akajua kuwa rangi ingemuumbua, ndiyo maana akatafuta chunjua ya mguuni."

"Akadhani mzee hatatazama chini." Daktari alitikisa kichwa. "Na kweli sikutazama. Nilitazama chunjua nikasahau ngozi."

"Unaweza kunipa la ziada? Ngozi ni ya nani?"

"Jina siwezi. Lakini nikipima vinasaba nitakwambia kama ni mwanamume au mwanamke. Nipe muda, usinisimamie mlangoni kama ulivyomsimamia yule tajiri."

Majibu yalipotoka, mzee alipiga simu mwenyewe. Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Refa wako, mara ya mwisho ulipomuuliza mkewe, alikuwa mwanamume?"

"Watoto wanne wanasema ndiyo."

"Basi kipande hiki si chake. Ni cha mwanamke."

*

Profesa alipopigiwa simu hakubabaika. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi kama mtu aliyesikitishwa na jambo la mwingine.

"Nilikuwa na fundi wa maabara pale kliniki," alisema. "Mlevi. Alikuwa akichanganya vipande vya wagonjwa, ndiyo maana nilimwondoa. Mkamateni huyo. Mimi mwenyewe nitatoa ushahidi."

Kisiki alimkuta fundi huyo kwenye duka lake dogo la kutengeneza simu, ameinamia simu iliyopasuka kioo. Alikuwa mtu wa makamo, mikono myembamba iliyotulia. Aliposikia neno polisi, akaweka chini bisibisi.

"Amesema mimi ni mlevi?"

"Amesema ulichanganya vipande."

"Pombe sijawahi kuionja. Lakini sawa. Kipande chenyewe mnacho?"

Kisiki akamwonyesha picha iliyopigwa kwa karibu. Fundi aliivuta kwenye mwanga wa taa yake.

"Kipande cha Refa nilikigandisha mimi ndani ya nta, kwenye kikombe kidogo cha plastiki cha kijani. Vikombe vyote tulivyokuwa navyo vilikuwa vya kijani. Hiki ni cheupe. Muulizeni vyeupe vilinunuliwa lini."

"Hata wewe ungeweza kuvinunua."

"Ningeweza. Lakini Profesa alinifukuza wakati Refa bado yu hai, anakuja kuchukua dawa. Ningerudi na funguo zipi?"

Kisiki hakumwachia. "Kwa nini alikufukuza?"

Fundi aliitazama simu iliyopasuka. "Kile kioo cha Refa nilimpelekea Profesa mimi. Akatazama, akatazama tena. Halafu badala ya kunirudishia nikitunze na vingine, akakitia mfukoni mwa koti. Nikamuuliza, 'Profesa, nikiandikie nini?' Akasema andika chunjua. Nikamwambia nirudishie basi kioo chenyewe. Kesho yake nikaambiwa kazi imekwisha."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikwenda mpaka kwa Refa. Nikamwambia nenda ukapime kwingine. Akanicheka, akasema mimi nina kinyongo kwa sababu nimefukuzwa." Akachukua bisibisi. "Nipelekeni kwa hakimu yeyote. Leo, kesho, mkitaka sasa hivi nafunga duka."

Ilikuwa njia iliyofungwa upande mmoja na kufunguka upande wa pili. Kipande kilitengenezwa upya, baada ya fundi kuondoka, na mtu aliyekuwa peke yake kwenye maabara. Mtu huyo alihitaji chunjua ya unyayo kwa haraka, kutoka kwa mwanamke ambaye hangeuliza maswali. Kisiki hakuona sababu ya kumtafuta mwanamke huyo mbali.

*

Ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa. Baadhi ya waliosubiri walikuwa na ualbino, wamekaa upande usiofikiwa na jua la dirishani; wengine walikuwa wazee wenye vidonda vya miaka mingi juu ya makovu ya moto. Karibu kila mmoja alikuwa na kikopo cha dawa mkononi, kitupu, amekuja kuchukua kingine. Kisiki alikuwa amevaa kiraia. Akaketi mwisho wa foleni, na askari mwenzake akabaki mlangoni.

Mapokezini alikaa msichana mwenye uso mchangamfu. Wagonjwa walimwita "mpwa", kwa kuwa Profesa mwenyewe alimwita hivyo. Aliinuka kumpelekea mzee mmoja kikopo, na Kisiki akaona kwamba alikanyaga kwa vidole tu mguu wa kulia, na kwamba alivaa kandambili ofisini.

Kisiki akasogea dirishani kwake. "Mguu umepatwa na nini, dada?"

"Aa, chunjua tu. Ilinisumbua siku nyingi, mjomba ndiyo juzijuzi akanitoa."

"Pole. Juzijuzi lini?"

"Wiki ile polisi walipokuja kuuliza habari za..." Akasita. "Wewe umekuja kuchukua dawa?"

Kisiki akamwonyesha kitambulisho, chini ya kaunta, wasione wengine. "Baada ya kuikata aliipeleka wapi?"

"Aliitia kwenye chupa. Mimi nilidhani ataitupa."

"Hakuitupa. Aliigandisha kwenye nta akaiandika jina la mgonjwa mwingine. Ndiyo iliyoletwa polisi kuwa ya Refa."

"Refa? Yule wa kofia?" Uso wa msichana ulibadilika. "Yule alikuwa akiingia hapa ananionyesha kadi nyekundu kila nikichelewa kumwita."

"Huyo."

Mlango wa ndani ulifunguka. Profesa alikuwa mtu mrefu, koti jeupe lililopigwa pasi, sauti ya kubembeleza. Alimtambua Kisiki mara moja.

"Mama Inspekta! Ungesema unakuja. Tupite ofisini, hapa kuna wagonjwa."

"Afande inatosha. Na hapa panatosha pia."

"Fundi mmempata?"

"Tumempata. Tumempata na mwenye chunjua."

Profesa alitupa jicho kwa mpwa wake, mara moja, akalirudisha. "Huyu ni mtoto wangu. Hana la kuwaambia. Nenda ndani, mwanangu."

Msichana hakuondoka. "Mjomba, kile kinyama changu ulikipeleka wapi?"

"Nimesema nenda ndani."

"Nimekuuliza."

"Unaniuliza mimi? Mama yako alifariki hujajua hata kutembea. Nani amekulea? Nani amekusomesha?"

"Wewe, mjomba. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza, sijamjibu afande."

Watu ukumbini walikuwa wamegeuza shingo. Mtu mmoja aliyekuwa akikohoa alikizuia kikohozi kwa mkono.

Profesa akashusha sauti. "Kuna mambo ya kitaalamu huyaelewi. Dawa hii inasaidia watu. Mgonjwa mmoja hawezi kuua kazi ya miaka yangu yote. Hata angekatwa lile sikio, nani anajua kama angepona?"

"Kwa hiyo ulijua," Kisiki alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema 'angekatwa lile sikio'. Chunjua haikatiwi sikio, Profesa."

Profesa akatazama mlangoni, akamwona askari.

Kisiki akatoa mfukoni kichupa kilichofungwa, ndani yake kijiti cha pamba. Akakiweka juu ya kaunta. "Dada, siwezi kukulazimisha. Nikipitisha pamba hii ndani ya shavu lako, maabara itasema kama kile kipande ni chako au si chako. Ukikataa, nitaomba amri ya hakimu, na mjomba wako atapata muda wa kujipanga. Uamuzi ni wako."

"Ukifungua mdomo," Profesa alisema, "usirudi nyumbani kwangu."

Msichana alifuta macho kwa kiganja.

"Ya nyumbani tutayaongea, mjomba. Kwanza waambie hawa waende hospitali. Waambie tu, nami nitanyamaza."

Profesa akawatazama watu wake ukumbini, na wao wakamtazama.

"Waambie."

Profesa akarekebisha kola ya koti.

Mpwa akageuka, akamwinamia Kisiki akafungua mdomo. Kisiki akapitisha kijiti shavu moja, akapitisha na la pili, akakifunga, akamwita askari wa mlangoni aje ashuhudie na kutia lakiri.

Kisha msichana akatoka nyuma ya kaunta. Akavua kandambili, akashika ukingo wa benchi, akainua mguu na kubandua bandeji ili kila mtu aone. Shimo la jeraha lilikuwa bado jekundu chini ya kisigino.

"Kilichotoka hapa ndicho kilichoandikwa jina la Refa," alisema. Akapandisha sauti. "Refa alikuwa na kansa. Aliambiwa ana chunjua kama hii yangu. Sijui nyinyi mna nini. Inawezekana mna chunjua kweli. Lakini mimi niliyewagawia hivi vikopo kwa mkono wangu nawaambia, msipake tena leo. Twendeni hospitali kuu mkapimwe."

"Unawatisha wagonjwa wangu!" Profesa alifoka.

Mama mmoja mwenye ualbino, aliyekuwa na kidonda kilichofunikwa kwa leso karibu na jicho, alisimama. Aliweka kikopo chake kwenye kaunta, taratibu, mbele ya Profesa. "Mimi niliwahi kukuuliza," alimwambia. "Nilikuuliza kama hii ni kansa, ukanicheka." Akamgeukia msichana. "Hospitali kuu unaijua njia?"

"Naijua, mama. Nawapeleka."

"Na huo mguu?"

"Utafika."

Mzee wa kovu la moto akafuata, vikopo vikaanza kugonga kaunta kimoja baada ya kingine. Watu wakavaa kofia, wakafunga mikono ya mashati, wakatoka kwenye jua nyuma ya msichana aliyekanyaga kwa vidole. Profesa akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Kisiki alikuwa ameshasimama hapo.

"Wao wanakwenda," alisema. "Wewe unabaki na mimi."